Trekta la Falak Sher

Kufikia saa sita mchana Naziran alikuwa ameshapewa bei tatu za trekta moja, na hakuna iliyokaribiana na mwenzake. Shemeji yake Riyasat alisema rupia laki sita. Fundi Boota, ambaye amelala chini ya trekta hilo mara nyingi kuliko alivyolala kwake, alisema laki mbili, tena kwa mtu wa kulinunua kwa kilo kama chuma chakavu. Kaka yake Naziran aliyeko mjini Multan, ambaye hajalitia trekta lenyewe machoni tangu harusi ya Rukhsana, binti wa kwanza wa Naziran, alimwambia kwa simu asithubutu kushuka chini ya nane, maana chuma cha zamani ndicho chuma. Naziran alikata simu akabaki ameishika, akitazama uani, asijue amwamini nani kati ya mwenye tamaa, mwenye kukata tamaa na mwenye kukaa mbali.

Trekta lilikuwa limesimama kando ya hori la nyati wao wa maziwa, jekundu lililokwisha kuwa la rangi ya tofali, na vishada vyeusi alivyovifunga yeye mwenyewe kwenye taa za mbele ili kuzuia kijicho. Miaka mingi kijicho kilizuilika. Mwaka huu maji yalianza kuingia kwenye oili. Ukiliwasha lilitoa moshi mweupe, na ukilipeleka shamba likilima robo saa lilichemka mpaka rejeta ikalia, likazima palepale kwenye matuta, na lisiwake tena mpaka jioni. Boota alisema silinda hedi imepasuka. Riyasat alisema ni gasketi tu. Naziran hakujua tofauti ya hivyo viwili, ila aliona kwamba kila mmoja alitaja ugonjwa unaolingana na bei yake.

Mwenye trekta, mume wa Naziran, alikuwa amelala barazani kwenye kitanda cha kamba. Falak Sher alipatwa na kiharusi wakati wa kuvuna ngano, na sasa pamba imeshachumwa yote na watu wanajitayarisha kupanda ngano nyingine. Upande wa kulia ulikufa. Mkono wa kushoto ulibaki, na mdomoni lilibaki neno moja: kesho. Ukimwuliza kama ana njaa, kesho. Ukimwambia ageuzwe, kesho. Imamu wa msikiti alipokuja kumwombea shifaa, alipomaliza tu mgonjwa alimjibu, "Kesho," na imamu wa watu akashindwa kujua aseme amina au acheke. Mwanzoni watu walililia neno lile. Baadaye wakalicheka kidogo. Mwishowe wakaacha kumwuliza Falak Sher chochote, na hapo ndipo alipokufa nusu ya pili, kwa jinsi Naziran alivyoona, ingawa hakuthubutu kulisema hilo mbele ya mtu.

Jana yake jioni Riyasat alikuja akaketi kwenye ukingo wa kitanda kilekile, karibu na miguu ya kaka yake.

"Shemeji, tuseme ukweli," alisema. "Mtu asiyejitambua hana shamba. Ana chakula tu, na chakula mimi nitampa."

Mpango wake ulikuwa mfupi. Trekta liuzwe. Alhamisi Naziran aende naye ofisi ya ardhi, aweke dole gumba kuthibitisha kwamba mume wake hana akili tena, na ekari zote nane ziwe mikononi mwa Riyasat. Yeye atalima, atawaletea magunia kumi na tano ya ngano kwa mwaka, na Naziran na mgonjwa wake watahamia kile chumba kilicho nyuma ya jiko la Riyasat, karibu na watu. Katika kijiji kizima mtu akilima shamba la mwenzake hutoa nusu ya mavuno, na hilo hata watoto wanalijua. Lakini Riyasat alisema nusu ni haki ya mtu mwenye akili zake.

"Na kama anazo?" Naziran aliuliza.

Riyasat alimwinamia kaka yake. "Kaka, nilime shamba lako?"

"Kesho," alisema Falak Sher.

"Umesikia," Riyasat alisema, akainuka.

Naziran alisikia, na usiku kucha akageuka huku na huku. Kama mume wake hayupo tena, basi Riyasat hasemi vibaya, na pengine chumba cha nyuma ya jiko ni hisani. Kama yupo, basi yeye mke wake anakwenda kumzika Alhamisi kwa kidole gumba, naye yuko hai. Lipi ni lipi? Alimtazama machoni kwa muda mrefu, na macho yalimtazama. Lakini hata nyati humtazama mtu.

Asubuhi ile ya Jumatano Riyasat na Boota waliingia uani kulitayarisha trekta kwa mnunuzi. Oili iliyotoka chini ya injini ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Waliimwaga nyuma ya choo, wakatia mpya, safi, ya kung'aa. Kisha Riyasat akaja jikoni kuomba manjano.

"Manjano ya mchuzi?"

"Kwani yako mengine? Yanaziba ufa, shemeji. Litakwenda nusu saa bila kukohoa, na mnunuzi hakai nusu saa. Lete na kijiko."

Naziran alimpa, na kila alipofikiria baadaye hakujua kwa nini alimpa. Manjano yaliingia kwenye rejeta, pakiti nzima. Walilingurumisha trekta, wakasikiliza, wakapeana mikono, kisha wakalizima mapema ili lipoe, maana kila mnunuzi kwanza hugusa boneti kujua kama limepashwa moto kabla hajafika. Yote hayo waliyapanga kwa sauti, hatua mbili kutoka kitandani kwa Falak Sher, kama vile mtu anavyoongea mbele ya mto na blanketi.

Mnunuzi, Haji Mauj Din, alifika kwa pikipiki baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa dalali wa nyati maisha yake yote, na miaka ya karibuni, nyati walipopungua na matrekta mabovu yakaongezeka, akahamia matrekta bila kubadilisha tabia hata moja. Alilizunguka trekta kutoka nyuma, kwa sababu nyati huzungukwa kutoka nyuma. Aligusa boneti, akaikuta baridi. Alichomoa kijiti cha oili akakinusa. Boota aliliwasha, na mashine ile, shetani wa mashine, ikaitika mara ya kwanza na kutulia, tamu kabisa, bila moshi. Riyasat akamtupia Naziran jicho.

"Limetulia," alisema Haji. "Haya. Naongea na nani?"

"Na mimi," Riyasat alisema. "Sema bei yako."

"Bei ya mdomoni mimi siijui, kijana. Ukiisema bei kwa mdomo, mpaka kuku wa jirani wanaisikia." Alivua shuka lake begani. "Trekta ni la nani?"

"La kaka. Lakini Haji, kaka mwenyewe hata jina lake halijui."

"Jina ni kazi ya mdomo. Mimi na huyu tumekaa soko moja tukiwa vijana, nyati wangu na nyati wake wakifungwa kamba moja. Niache nimsalimie kwa lugha yetu, halafu tutakuja kwenu nyie wenye midomo."

Hilo lilikuwa kweli. Kabla ya kununua trekta, kabla hata ya mabinti, Falak Sher alikuwa mfanyabiashara wa nyati, na bei za nyati husemwa kwa vidole chini ya kitambaa, mkono kwa mkono, ili wanaosimama pembeni wasijue nani ametoa ngapi. Naziran alipokuwa bibi harusi aliwahi kumwomba amfundishe. Falak Sher alicheka, akamwambia mambo ya soko hayaingii jikoni.

Haji aliketi kando ya kitanda. Alinyoosha mkono wa kulia, akaona wa mwenzake umekufa, akabadilisha, akatoa wa kushoto, na akafunika mikono yote miwili kwa shuka. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayemtembelea mgonjwa. Kisha tabasamu likakoma.

Shuka lilitikisika kidogo. Likatulia. Likatikisika tena. Haji aliuinua uso, akamkazia macho Falak Sher, ambaye alikuwa akitazama dari. Riyasat alianza kukohoa kikohozi kisicho na mafua. Boota alilizima trekta bila kuambiwa, na uani pakawa na sauti ya nyati akitafuna tu. Naziran alisimama mlangoni mwa jiko, mtandio kichwani, na hakujua anaangalia nini. Huenda ni mzee mmoja anacheza na mkono wa mgonjwa. Huenda ni kitu kingine.

"Kesho," alisema Falak Sher.

"Kesho mamako," alisema Haji polepole, na mkono wake haukutoka. Baada ya muda aliutoa, akakunja shuka, akalitupa begani. "Laki nne na nusu. Tumemaliza."

Riyasat alicheka kwa dharau. "Nne na nusu na nani?"

"Na mwenye mali."

"Haji, unatuona sisi watoto? Umejishikia mkono wa mgonjwa, umejitajia bei unayoitaka, halafu unatuambia tumemaliza. Mimi pia naweza kwenda makaburini nikashike mkono wa maiti, nirudi na trekta la bure."

"Mimi nilianza na sita," Haji alisema.

"Unaona? Umeanza na sita ukaishia nne na nusu. Muuzaji gani duniani anaishusha bei yake mwenyewe?"

"Ndilo swali nililojiuliza huko chini ya shuka. Nilipompa sita aliikataa. Nikadhani anataka saba. Akanibana hapa." Haji alionyesha nyama iliyo chini ya kidole gumba. "Kwetu sokoni, mtu akikubana hapo, anakwambia mnyama ana ugonjwa wa ndani usioonekana kwa macho. Miaka arobaini sijawahi kubanwa hapo na muuzaji. Hukubana mnunuzi mwenzako, akikuonea huruma. Kisha akanipa nne na nusu, ndiyo bei ya mnyama mgonjwa. Sasa niambieni nyie mnaosema. Humu ndani mna ugonjwa gani?"

Boota akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Hakuna ugonjwa," Riyasat alisema. "Wewe dalali mkubwa umesikia kitu kwenye injini kwa masikio yako, na sasa unamsingizia asiyeweza kukukana. Shemeji, usikubali. Huyu anakuibia laki moja na nusu mchana kweupe."

Wote wakamgeukia Naziran. Haji akisema uongo, ana faida ya laki moja na nusu. Riyasat akisema uongo, ana faida ya ekari nane. Na Haji akisema kweli, basi mtu aliyelala pale kitandani alisikia oili ikimwagwa, alisikia manjano, alisikia Alhamisi na kidole gumba, alisikia kila kitu tangu ngano ile mpaka pamba hii. Aliogopa hilo la mwisho kuliko yote, na wakati huohuo alilitaka.

"Haji," alisema, "nitajuaje?"

"Sitakuapia, binti yangu. Dalali akiapa ndiyo usimwamini kabisa. Mimi natoka nje kwenye pikipiki yangu. Wewe keti na mumeo, mkono wake si haramu kwako."

"Siijui hiyo lugha."

"Huna haja ya kuijua. Anaijua yeye. Wewe hesabu tu vidole vyako mwenyewe."

Haji akatoka mpaka langoni akawapa mgongo. Naziran aliketi pale alipoketi Haji. Alivuta ncha ya mtandio wake, akafunika mikono, akaona aibu mbele ya shemeji yake na fundi kwa kitendo alichokifanya kila siku bila kitambaa.

"Baba Rukhsana," alisema kwa sauti ya chini, "trekta letu bei gani?"

"Kesho."

Ni neno lilelile. Ndipo vidole vya Falak Sher vikatembea. Alimkusanya vidole vinne kwa pamoja, akavikaza, akaviachia. Kisha akachukua kidole kimoja, cha shahada, akakipapasa kutoka ncha mpaka kifundo cha katikati, akasimama hapo, hakwenda mbele. Halafu akambana chini ya kidole gumba kwa nguvu mpaka Naziran akajikunja.

Alikuwa anaukumbuka mkono ule. Kila asubuhi aliuosha kwa maji ya vuguvugu, na kila asubuhi ulimshika vidole viwili ukavikaza. Hospitali walimwambia mkono wa mgonjwa wa namna hii hujifunga wenyewe, ni mishipa, asihangaike. Basi hakuhangaika. Alivichomoa vidole vyake taratibu, kimoja kimoja, akaulaza mkono kifuani kwake na kumfunika. Viwili, kila asubuhi. Viwili vya nini? Mikate miwili? Mabinti wawili? Sisi wawili? Furaha ilimpanda na hasira ikaipanda furaha, hasira juu ya hospitali, juu ya Riyasat, juu yake mwenyewe zaidi, na juu ya Falak Sher pia, aliyekataa kumfundisha kitu kidogo hivi miaka yote kwa kujiona mtu wa soko.

"Haya, amekupa ngapi?" Riyasat aliuliza.

Naziran alitoa mkono wake, akauinua mbele ya macho yao. Alionyesha vidole vinne. Kisha kimoja, ameweka ukucha kwenye kifundo cha katikati. Kisha alama nyekundu chini ya dole gumba.

Boota alikaa chini kwenye tairi. "Basi alitusikia asubuhi," alisema. "Ya Mungu, na mimi nilimwita gogo."

"Haji," Naziran aliita. "Nne na nusu. Lichukue. Na silinda hedi imepasuka, na kwenye rejeta kuna manjano yangu ya mwezi mzima."

Haji alirudi, akatia noti ya arubuni ya kufunga bei mkononi mwa Falak Sher, si mwa mtu mwingine, akamkunjia vidole juu yake. "Ungenificha," alimwambia, "ningerudi hapa kesho kutwa kukutukana mbele ya mkeo." Falak Sher akaifumba noti.

Riyasat alikuwa ameshaokota kofia yake. "Haya, mambo ya trekta yamekwisha. Tutaonana kesho asubuhi, shemeji, twende ofisini mapema kabla ya foleni."

"Siendi ofisi ya ardhi."

"Kuhesabu vidole vinne si kuendesha shamba."

"Labda," alisema Naziran. "Mimi sijui. Tangu jana sijui lipi ni lipi, na nimechoka kuulizwa mimi. Unataka shamba la kaka yako? Mwenyewe huyu hapa. Mwulize."

"Nilimwuliza jana mbele yako."

"Ulimwuliza mdomo." Alivua mtandio wote kichwani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya Riyasat tangu aingie katika nyumba ile, akautandika juu ya mkono wa mume wake. "Keti."

Riyasat alitazama lango. Haji alikuwa ameipanda pikipiki lakini hakuipiga teke kuiwasha, na Boota alikuwa bado juu ya tairi, hana haraka tena. Mtu mzima hawezi kukimbia kitambaa cha mwanamke mbele ya dalali, maana kufikia magharibi soko lote litakuwa na habari. Aliketi. Aliuingiza mkono chini ya mtandio kana kwamba anautia kwenye shimo la panya.

"Kaka," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya jana. "Nataka kulima shamba lako. Nitakupa magunia kumi na tano."

"Kesho," alisema Falak Sher.

Mtandio ulitikisika.

"Ishirini, kaka."

Mtandio ukatikisika tena, sasa kwa muda mrefu, na wakati huu Falak Sher aliacha kutazama dari. Aligeuza shingo yake kwa shida mpaka akampata mdogo wake usoni. Riyasat alijaribu kutazama pembeni, akashindwa. Midomo yake ilianza kumtetemeka namna ambayo Naziran hajaiona tangu walipomzika baba yao, na hakujua kama ni aibu au ni maumivu ya kubanwa.

"Anasemaje?" Naziran aliuliza.

"Ameshika kidole kimoja," Riyasat alisema. "Amefika katikati. Anasema nusu."

"Nusu ya mavuno?"

"Nusu ya mavuno. Kama watu wengine wote."

"Na wewe umemwambia nini?"

Riyasat alijifuta macho kwa mkono wake ulio huru.

"Nitamwambia nini, shemeji? Hajaniachia."